Filimu ya dakika kumi, maswali ya saa mbili
Neno kwa wanafunzi wa sosiolojia, na kwa kila kijana mwenye simu mkononi

Najua wengine wenu mmetoka masomoni bila kula, na wengine mmelipa moto bei mara mbili juu ya mvua. Sitawachelewesha kwa sifa na majina ya wakubwa. Niingie katika jambo lenyewe.

Kuna neno tunalisikia kila siku: "Picha inajisemea." Mtu anatuma video ku grupu ya WhatsApp, haongezi kitu, anaandika tu: "Mujionee benyewe." Mimi nimekuja kupinga neno hilo. Picha haijisemei. Picha inaonyesha, halafu inanyamaza. Anayeisemea ni yule anayeuliza swali la kwanza. Swali la kwanza likiwa "Ni nani huyu mbaya?", picha itakupa mtu wa kuchukia. Likiwa "Ni mpango gani unafanya jambo hili lirudi kila siku?", picha ile ile itakupa kazi ya kufanya. Kati ya maswali hayo mawili njo kuna somo letu lote la sosiolojia. Na njo kuna tofauti kati ya fujo na mapambano ya raia.

Leo naomba tuongee namna filimu fupi zinaweza kutufundisha kuuliza swali la pili.

Kwanza, juu ya nini filimu? Mnajua vile tunasoma. Oditwari imejaa, wengine wako ku dirisha, silabusi moja inazunguka kwa watu watano. Profesa anasoma, sisi tunaandika. Siku ya egzame swali linakuja: "Jambo la kijamii ni nini?" Mwanafunzi anajibu vizuri kabisa: ni namna za kutenda, kufikiri na kuhisi zilizo nje ya mtu mmoja, zenye nguvu ya kumlazimisha. Ni maneno ya Émile Durkheim, kitabu cha mwaka 1895. Anapata alama zake, anatoka nje, anapanda taksi. Ku rond-point dereva anafungua kioo, anatoa noti iliyokunjwa, anaiweka mkononi mwa polisi wa rulaje. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyeshangaa. Na mwanafunzi wetu anaangalia simu yake, hajui kama kile alichoandika asubuhi kimepita mbele ya macho yake.

Maana dereva yule hakuvumbua desturi ile, aliikuta. Iko nje yake. Na akiikataa siku moja, ataona nguvu yake: karatasi zitakaguliwa moja moja, gari litapelekwa posti, na abiria watamkasirikia yeye, si polisi. Hilo njo jambo la kijamii. Tulilisoma kama sala, hatukulitambua barabarani.

Filimu fupi inaleta barabara ndani ya oditwari. Inaileta na kuisimamisha, tuweze kuiangalia mara mbili, mara tatu, kitu ambacho barabara yenyewe haikubali. Na ufupi wake haiko udhaifu, ni faida. Filimu ya saa mbili inakula somo zima. Watu wanatoka na hadithi, maswali yanabaki kesho, na kesho haifiki. Filimu ya dakika kumi au ishirini unaionyesha, unaijadili, unairudia, na muda bado uko. Inaingia ndani ya simu, haimalizi mega, na betri ya kompyuta moja inatosha hata siku ambayo SNEL imetusahau.

Nichukue mfano wa kwetu. Mwaka 2010, ku festivali ya Berlin, kulionyeshwa kazi moja ya Wakongomani inayoitwa Congo in Four Acts. Ni filimu nne fupi zilizowekwa pamoja. Mmoja wa waliozitengeneza ni Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliyesoma udaktari kabla ya kushika kamera. Mwingine ni Kiripi Katembo, aliyezaliwa Goma, yule ambaye baadaye alijulikana kwa picha zake za Kinshasa zilizopigwa ndani ya madimbwi ya maji. Malaria ilimuua mwaka 2015. Filimu moja inatembea ndani ya Kinshasa, kati ya takataka, maji yaliyosimama na nyaya za umeme. Moja inakwenda Kipushi, hapo karibu na Lubumbashi. Moja inahusu ubakaji na kazi ya polisi. Na ile ya kwanza, Dames en attente, ambayo Hamadi aliifanya pamoja na Divita Wa Lusala, inatuingiza katika materinite moja ya Kinshasa.

Mle ndani kuna wamama waliokwisha kuzaa. Mtoto ni mzima, mama ni mzima, lakini hawaendi nyumbani. Fakture haijalipwa. Wanasubiri. Mazungumzo yanafanyika: nani ana nini cha kutoa, kitu gani kinaweza kuachwa kama rehani, nani wa jamaa atakuja na makuta.

Ukiionyesha filimu hiyo kwa wanafunzi, fanya hivi. Simama ku ubao na uulize: "Nani ana kosa?" Usiwasahihishe, andika tu. Majibu mnayajua mbele sijayasema. Mmoja atasema: "Bale ba hopitali habana roho." Mwingine: "Bwana yake iko wapi?" Mwingine, na mara nyingi ni kijana mwanaume: "Miezi tisa yote, hakuweka hata franga moja?" Sawa. Sasa ubaoni kuna wakosaji watatu: muuguzi, bwana, na mama mwenyewe.

Sasa uliza swali la pili: "Kesho tukimuondoa muuguzi huyu, tumweke mama yako mzazi mahali pake, yule mama aliyezaa atakwenda nyumbani?"

Hapo kelele inapungua. Kwani wanaanza kuhesabu. Ndani ya inchi yetu, hospitali nyingi za serikali zinaishi kwa pesa ya mgonjwa. Pesa hiyo njo inanunua gants, inalipa mafuta ya jenereta, inagawanywa kama primi kwa wafanyakazi, na kati yao kuna wengi ambao mshahara wa serikali hawauoni. Mama yako akisimama ku mlango ule, atakuta hesabu ile ile. Atakuwa na roho nzuri siku ya kwanza, wiki ya kwanza. Mwisho wa mwezi wenzake watamuuliza: "Tunakula nini?" Na yeye pia ataomba rehani.

Hiyo haimaanishi muuguzi hana dhamana. Mtu anaweza kuwa mkali bila sababu, anaweza kuiba, na sheria iko juu yake. Lakini tumeona kitu kipya: kubadilisha mtu peke yake hakubadilishi mlango.

Halafu tunaendelea. Bwana yuko wapi? Labda yuko anatafuta deni. Kazi yake ni gani, analipwa kwa siku ao kwa mwezi? Juu ya nini jamaa inaweza kuchanga kwa haraka kwa ajili ya kilio, na kwa kuzaa inachelewa? Juu ya nini anayebaki amefungwa ni mwanamke, na deni ni la nyumba nzima? Kila swali linafungua chumba: familia, kazi, jinsia, kubadilishana, serikali. Profesa hana haja tena ya kusoma sura sita. Sura sita zimeingia zenyewe.

Mmarekani mmoja, C. Wright Mills, aliandika mwaka 1959 kitabu kuhusu namna hii ya kuona. Mfano wake ni kazi. Ndani ya mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, hiyo ni taabu yake. Angalia tabia yake, ujuzi wake, nafasi zake. Lakini ndani ya inchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, usiniletee tena maneno ya uvivu. Hilo ni jambo la wote, na jibu lake haliko ndani ya tabia ya mtu. Sosiolojia, kwa Mills, ni uwezo wa kuunganisha taabu ya mtu mmoja na jambo la wote. Mama mmoja akizuiliwa materinite, huenda ni bahati mbaya. Wakizuiliwa wamama kila wiki, hospitali hii na ile, hapo tunaongea juu ya inchi.

Kila filimu iwe na swali lake la mwisho: "Nani hayuko ndani ya picha?" Katika materinite ile hatumuoni mtu wa bajeti. Hatumuoni mbunge anayeinua mkono kupitisha hesabu ya mwaka. Mwaka 2001, kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi kuweka angalau 15% ya bajeti ya kila inchi katika afya. Mwanafunzi aliyeona filimu apewe kazi: atafute sheria ya bajeti ya mwaka huu, atoe hesabu, alete asilimia darasani. Na kwa kuwa filimu ni ya zamani, apewe kazi ya pili. Septemba 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa. Basi aende ku kituo cha afya cha mtaa wake, awaulize wamama watano waliozaa mwaka huu: mlilipa nini, mlilipa nani, mlipewa karatasi gani? Filimu imefungua mlango. Yeye njo anaingia na miguu yake.

Hapa njo pana uzito, vijana wenzangu. Sisi tunajiita raia wenye kudai. Tunafanya sit-in, tunaandika barua, tunabeba mabango. Wengine wetu wamelala ku kasho juu ya hiyo. Mtu akitoa mwili wake namna hiyo, ana haki ya kujua kama mlango anaoupiga njo mlango wenyewe. Tukisoma vibaya, tutakwenda kumpigia kelele muuguzi anayelala na njaa kama sisi, na yule aliyesaini hesabu atalala usingizi. Hasira yetu ni mali. Tusiitumie ku anwani isiyo yake.

Chukueni ile ya polisi wa rulaje. Watafiti waliochunguza kwa karibu polisi ya barabarani ya Kinshasa walionyesha kama wale wa barabarani wanapewa na wakubwa wao kiasi cha madereva wa kupeleka ku posti kila siku. Noti iliyokunjwa tuliyoiona ku dirisha la taksi ina ngazi za kupanda. Anayepiga video ya mkono ule na kuandika "Mwizi!" amesema ukweli mdogo. Aliyeuliza "Mkono huu unampelekea nani?" ameanza kazi.

Sasa nieleze namna ya kuangalia, kwani wengine kati yenu ni walimu, asistanti, ao mnaongoza vikao vya mitaa. Mimi napendekeza mara tatu.

Mara ya kwanza, filimu inapita bila kusimama. Kila mtu anaandika tu kile alichoona na kusikia. Haandiki maoni. "Machozi yanamtoka" ni kitu ulichoona. "Anajuta" ni kitu ulichowaza. Mtashangaa vile zoezi hili ni gumu. Nusu ya daftari itakuwa imejaa mawazo yaliyovaa nguo ya macho.

Mara ya pili, toa sauti. Bila maneno, miili inaanza kusema. Nani amesimama, nani ameketi? Nani anashika karatasi, nani anashika ufunguo? Nani anasubiri, nani anasubiriwa? Mamlaka mara nyingi hayapigi kelele. Yanaketi nyuma ya meza, na wengine wanasimama.

Mara ya tatu, rudisha sauti na simamisha pale watu wanapotaka. Andika majina ya wote wanaotajwa bila kuonekana: shefu, serikali, Mungu, mzungu wa mradi. Andika pia wale ambao hakuna anayewataja kabisa. Halafu gawa watu kwa vikundi vya watano, kila kikundi na wazo moja tu: mamlaka, jinsia, deni, desturi. Na sheria moja haivunjwi: anayesema kitu aonyeshe ni dakika gani ya filimu. "Mi naona tu hivyo" haipokelewi. Kama filimu iko katika Lingala na darasa ni la Kiswahili, mwenye kujua atafsiri kwa sauti. Kutafsiri pia ni kusoma jamii, kwani kuna neno litakataa kuvuka, na neno hilo njo la kujadili.

Wazee walisema macho hayana pazia. Ni kweli kwa macho. Kamera yenyewe ina pazia nne: juu, chini, kushoto, kuume. Na kuna pazia ya tano, ile ya kukata na kuunga. Karibu mwaka 1920, kule Urusi, mtengeneza filimu Lev Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji, uso usioonyesha kitu. Akauweka karibu na picha ya sahani ya supu. Akauweka tena karibu na jeneza. Watazamaji wakasema: hapa ana njaa, hapa ana huzuni. Uso ulikuwa ule ule. Njaa na huzuni waliziongeza wao.

Fanyeni zoezi hilo na simu zenu, ni la dakika tano. Mpigeni rafiki yenu akiwa ametulia, haangalii kitu. Unganisha uso wake na picha ya soko linaloungua. Halafu unganisha uso ule ule na picha ya harusi. Tuma kwa makundi mawili tofauti, uliza: "Mtu huyu anawaza nini?" Mkimaliza hamtaangalia tena video ya WhatsApp kwa macho ya zamani.

Na sisi tuna haja ya macho mapya kuliko wengine. Mnajua video zinazopita wakati wa vita. Maiti za inchi nyingine zinaitwa za kwetu. Mapigano ya miaka iliyopita yanaitwa ya jana usiku. Sekunde thelathini za watu wakikimbia, na sauti juu yake inasema: "Angalieni kabila fulani vile linatufanya." Kabla jua kuzama, jirani amekwisha kumuogopa jirani. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "Ni dakika gani? Kabla ya hapa kulikuwa nini? Nani alishika kamera? Sauti iliwekwa lini?" anaweza kuwa mtu mmoja katika grupu ya watu 200 anayesema: "Ngojeni kwanza." Neno hilo moja limeokoa zaidi ya hotuba nyingi. Ukiniuliza sosiolojia inafaa nini katika inchi yenye vita, nitakujibu: inamfundisha mtu kusema "Ngojeni kwanza" mbele mkono haujainuka.

Kuna anayeweza kusema: filimu za kufundisha tulikwisha kuzijua. Ni kweli, na ni vizuri kukumbuka namna gani. Wakati wa Mbelgiji, serikali na mapadri walitengeneza filimu fupi kwa Wakongomani. Kasai, padri Albert Van Haelst alifanya zile za kuchekesha za Matamata na Pilipili, ambazo wazee wetu wengi walizicheka kwa moyo. Kulikuwa pia na filimu za usafi, za kazi, za adabu. Ufupi ulikuwapo, picha ilikuwapo, hata kicheko kilikuwapo. Kilichokosekana ni haki ya mtazamaji kusimamisha filimu na kuuliza: "Juu ya nini mimi njo najifunza, na yeye haonyeshwi kamwe akijifunza?" Aliyefundisha alijua jibu mbele ya filimu kuanza.

Kwa hiyo chombo peke yake hakitoi uhuru. Mwalimu wa leo akionyesha filimu, akaizima, akasema "Somo ni hili, andikeni", amerudia kazi ya zamani na mashine mpya. Na sisi wa harakati tukionyesha filimu mtaani ili watu wapige tu makofi kwa maneno yetu, tunafanya vile vile. Filimu ikiisha, mtu wa kwanza kuongea asiwe mwenye projekta.

Niseme pia juu ya wakati. Ile filimu ya Kipushi ya Kiripi Katembo inaonyesha watu wanaoishi juu ya mabaki ya mine, wamama na watoto wakivunja mawe. Ukiiangalia bila historia, utasema: masikini. Ukiweka tarehe, inakuwa kitu kingine. Mine ya Kipushi ilisimama mwaka 1993. Kampuni ya Gécamines iliyokuwa inalipa mshahara, inajenga shule na hospitali, iliporomoka. Kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi wake 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na pesa ya Benki ya Dunia nyuma yake. Mama anayevunja jiwe, inawezekana ni bibi ya mtu aliyekuwa na karte ya Gécamines. Umasikini wake una tarehe ya kuzaliwa. Na mwaka 2024 mine ile ilifunguliwa tena, safari hii kwa mtaji wa kutoka nje. Basi mwanafunzi wa Lubumbashi asibaki na filimu ya mbele ya 2010 kana kwamba Kipushi imeganda. Apande gari, aende, aulize: waliorudi kazini ni nani? Wanaokaa karibu wanapata nini? Maji yao yanatoka wapi?

Sasa hatua ya mwisho: kutengeneza zenu. Hamhitaji kamera kubwa. Dakika tatu, simu moja, swali moja. Nawapa mfano wa foleni ya bidon ku bomba, kwani kila mji wetu unayo. Weka simu mahali pamoja, acha foleni ipite. Ukirudi hesabu: wangapi ni wasichana, wangapi ni wavulana? Waliingia saa ngapi, walitoka saa ngapi? Nani anapita mbele bila kupangana, na juu ya nini wengine wanamuacha? Bidon ni franga ngapi, pesa inashikwa na nani? Bomba ni la REGIDESO, la parokia, ao la mtu? Msichana anayechelewa masomoni juu ya maji, mwalimu anamwita mvivu. Filimu yako ya dakika tatu, na hesabu pembeni, inaweza kuonyesha kama uvivu ule una jina lingine: bomba moja kwa mtaa mzima. Hiyo ni kazi ya sosiolojia. Na barua yenu kwa bourgmestre itakuwa na kitu ndani yake kuliko matusi.

Lakini sikilizeni vizuri. Kamera ni mkono. Unaweza kusaidia, unaweza kupiga. Omba ruhusa, na ruhusa ya mtoto iombwe kwa mzazi. Mahali ambapo sura ya mtu inaweza kumletea hatari, piga mikono, piga miguu, piga bidon; jamii inaonekana hata bila nyuso. Mtu mwenye bunduki usimpige juu ya zoezi la darasa. Hakuna alama ya egzame inayolingana na maisha yako. Mtu aliyebakwa haombwi kusimulia tena juu ya wewe unatafuta filimu. Na ukimaliza, waonyeshe kwanza wale uliowapiga. Wakisema "Hapa umetusema vibaya", usikasirike. Andika maneno yao, yaweke ndani ya kazi yako. Wao wanaishi kile ambacho wewe unakisoma.

Najua yale mtaniuliza tukimaliza. "Filimu itachukua nafasi ya vitabu?" Hapana. Bila Durkheim, bila Mills, bila historia ya Gécamines, filimu ni kilio tu. Tunalia, tunakwenda kulala. Kitabu bila filimu ni sala tuliyoikariri. Vinahitajiana. "Tutapata wapi projekta?" Kompyuta moja kwa watu ishirini, vikundi vinapokezana, wengine wanajadili nje chini ya muti. "Profesa atakataa." Anzeni wenyewe, jumamosi, watu kumi. Mwiteni aje kujibu maswali yenu. Profesa wa kweli hakimbii maswali. Na filimu za Wakongomani zitafuteni kwa njia halali, ulizeni vituo vya utamaduni vya mji wenu, andikieni waliozitengeneza. Tusidai haki huku tunaiba jasho la ndugu zetu.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila kikundi cha mtaa kichague filimu moja isiyozidi dakika ishirini. Iangalieni mara tatu. Mtoke na karatasi moja yenye mistari mitatu: tuliona nini, mpango gani unafanya jambo hili lirudi, na mlango gani tunakwenda kuupiga. Mkikosa mstari wa tatu, rudini ku filimu, bado hamjaiona.

Sasa ni zamu yenu, nani anaanza?